Flaiwili ya Kilo Nne na Nusu

Kwa wiki mbili nzima nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine. Ilikuwa flaiwili asubuhi, flaiwili jioni, flaiwili mdomoni pamoja na tonge, mpaka Mama akasema kwamba atakayelitaja tena neno hilo mezani atapakuliwa flaiwili kwenye sahani na ataitafuna mwenyewe, bila mchuzi.

Wabishi walikuwa wanawe wawili. Mkubwa, dereva wa miaka thelathini asiyejua kwenda polepole hata akienda msalani, wenzake walimwita Gia Tano. Mdogo wake alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mkerezaji wa vyuma, na karakana nzima ilimwita Mpole. Jina hilo alipewa kwa sababu alisikiliza sana na kusema kidogo, na watu wakimwona mtu hasemi hudhani hana la kusema.

Gia Tano alikuwa na gari dogo la turbo. Alilipenda kuliko alivyowapenda wachumba wake wawili waliomkimbia, na wote wawili walimkimbia kwa sababu hiyo hiyo. Jumamosi ile kulikuwa na mashindano ya kupanda barabara ya machimbo ya zamani, gari moja moja, kona kumi na moja, saa ikihesabu. Mwaka uliopita alikuwa wa pili kwa sekunde moja na nusu, akaibeba sekunde hiyo na nusu mwaka mzima kama kijiwe ndani ya kiatu. Sasa alikuwa amepata jibu lake: abadilishe flaiwili.

Flaiwili ni lile gurudumu la chuma linalokaa kati ya injini na klachi. Likiwa zito, injini inazunguka kwa utulivu lakini inachelewa kuamka. Likiwa jepesi, ukigusa tu mafuta injini inaruka. Ile ya kiwandani kwenye gari lake ilikuwa na kilo tisa na nusu. Gia Tano alitaka ya kilo nne na nusu. Mpole alisema sita, isipungue hapo.

"Lako ni la turbo, kaka," alimwambia. "Turbo inazungushwa na moshi wa injini. Ukitoa mguu kubadili gia, injini yenye flaiwili nyepesi mno inaanguka kama ndoo iliyokatika kamba. Moshi unapungua, turbo inalegea, na ukikanyaga tena inabidi uisubiri ivute pumzi. Kona kumi na moja, utasubiri mara kumi na moja. Chukua ya kilo sita, ya stili."

"Kilo sita ni ya gari la viazi."

"Basi viazi vitakupita."

"Wewe umeendesha gari gani la mashindano?"

"Sijaendesha hata moja. Mimi huwa nayapokea yakirudi."

Mama aliguna kwa kicheko. Gia Tano hakucheka, kwa sababu siku hiyo Mjomba alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha wageni na kikombe cha chai gotini. Mjomba alikuwa kaka yake Mama na ndiye mwenye karakana anayofanya kazi Mpole. Miaka thelathini alikuwa akikereza vyuma vya watu. Alikuwa amemchukua Mpole alipomaliza darasa la saba, akamsimamisha mbele ya mashine na kumfundisha kila kitu, kuanzia kunoa kisu cha mashine mpaka kusoma chuma kwa kidole. Neno lake katika familia lilikuwa halirudishwi.

"Nyepesi ndiyo dawa ya turbo," Mjomba alisema, akapuliza chai. "Kijana asikilizwe."

Basi ikawa imeamuliwa. Mpole akanyamaza, akaondoa vyombo.

Jumatano, saa nne asubuhi, Gia Tano aliingia karakana akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu nyeusi ya mafuta. Mashine mbili za kukereza zilikaa upande wa dirisha, jiwe la kunolea mlangoni, na kule nyuma fundi wa kuchomelea, mzee mwembamba aliyeitwa Cheche, alikuwa ameinama juu ya fremu ya trela. Wateja wawili walikaa kwenye benchi wakisubiri kazi zao. Mjomba alikuwa ametoka kwenda kununua visu vya mashine.

"Mdogo wangu, mkunjulie kaka uso," alisema Gia Tano, akaufungua mzigo juu ya meza kama mtu anayemfunua bibi harusi. "Iangalie. Kilo nne na nusu kamili. Stili iliyofuliwa, si ya kusubu. Nimeipata duka la spea la pale kona. Gia boksi imeshashushwa, fundi ananisubiri. Wewe nisawazishie tu, leo hii, kesho ifungwe."

Flaiwili ile ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, inang'aa, nzuri kweli kweli. Mpole alikuwa bado na kinyongo cha zile kilo sita, lakini kazi ni kazi. Aliipima kwenye mizani. Kilo nne na gramu mia tano na ishirini. Aliivalisha kwenye mhimili na kuiweka juu ya zile reli mbili nyembamba za kusawazishia, ambapo gurudumu lenye upande mzito hujiviringisha lenyewe mpaka uzito ukae chini. Akaisukuma kwa kidole, akasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Iliviringika kidogo sana, ikasimama.

"Nani aliisawazisha kabla?" aliuliza.

"Kiwandani. Si nimekwambia ni mpya?"

Ndipo alipopitisha kidole mgongoni mwa flaiwili, pale ambapo chuma kilishushwa ngazi kupunguza uzito. Watu wengi wakikata ngazi huacha kona kali, kama ya boksi. Kona hii haikuwa kali. Ilikuwa imezungushwa, laini, kama ukingo wa ndani wa bakuli. Kidole chake kikarudi tena palepale. Kikaenda upande wa pili. Huko nako kona ilikuwa ya mviringo, upana uleule.

Mpole aliijua kona ile kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Aliikata yeye.

Miezi minne nyuma Mjomba alimletea flaiwili nne chakavu, za chuma cha kusubu, chuma kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. "Za chuo cha ufundi," alisema. "Wanataka za kufundishia, zikae mezani wanafunzi wazione. Zikate nyembamba, kilo nne na nusu kila moja." Mpole alizikata siku tatu, amefunga kitambaa puani, kwa maana chuma cha kusubu hakitoki kwa nyuzi ndefu zinazojikunja kama stili, kinatoka unga mweusi unaoingia mpaka kwenye kope. Na kila kona aliizungusha kwa kisu alichokinoa mwenyewe, kwa kuwa kona kali ndiyo mahali ufa unapoanzia. Mjomba alimcheka. "Unailea kama mtoto mchanga, na inakwenda kukaa mezani." Mpole akajibu kwamba mkono ukizoea kulipua kazi moja utalipua na nyingine.

Sasa kazi yake ilikuwa mezani hapa, imepakwa rangi, na uangalifu wake ndio uliomshawishi kaka yake kwamba imetoka kiwandani.

Mpole alichukua msumari, akakwangua rangi kwenye ukingo. Chini yake kulikuwa na kijivu kilichofifia. Aliining'iniza kwa waya kwenye ndoano ya dari, akachukua kipande cha stili kutoka kwenye sanduku na kukining'iniza pembeni yake. Alikigonga kile kipande kwa nyundo ndogo: kikalia kama kengele, mlio ukasafiri mpaka mlangoni. Aliigonga flaiwili. Ikasema pu, kama mtu anayegonga gogo.

"Unafanya nini?" Gia Tano aliuliza.

"Nyamaza kidogo."

Aliiteremsha, akaipeleka kwenye jiwe la kunolea na kuigusisha ukingo wake. Cheche alikuwa amevua kofia yake ya kuchomelea, anatazama. Stili ikiguswa na jiwe hutoa cheche ndefu, nyeupe, zenye matawi. Hizi zilikuwa fupi, nyekundu, zikafa kabla hazijafika sakafuni.

"Ah," alisema Cheche. "Hiyo si stili, mama. Hiyo ni sufuria."

Mpole alirudisha flaiwili mezani, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, nisikilize. Hii ni ya kusubu, imekatwa mpaka ikawa nusu yake. Ilipokuwa nene ilikuwa na nguvu zake. Hivi ilivyo, ukiifikisha mizunguko elfu saba kwa dakika na klachi ikiichoma, inapasuka. Na ikipasuka haidondoki chini ikalala. Vipande vinatoka kama vya bomu. Vinatoboa kava ya gia boksi, vinatoboa sakafu ya gari, na kilichopo juu ya hiyo sakafu ni miguu yako."

"Nani kakwambia imekatwa?"

"Nimeikata mimi. Hapa. Kwenye mashine ile."

Gia Tano akafanya kitu ambacho Mpole hakukitarajia hata kidogo: akatabasamu, lile tabasamu la kaka mkubwa anayemwona mtoto akidanganya.

"Hivi wewe una roho gani?" alisema taratibu. "Kwa sababu nilikataa kilo sita zako?"

"Kaka."

"Wiki mbili unanipigia kelele, ukashindwa. Mjomba mwenyewe akakunyamazisha. Sasa umeona huna njia nyingine, umenitungia hadithi. Eti umeikata wewe. Na injini umeitengeneza wewe? Na barabara ya machimbo uliichimba wewe?"

Mmoja wa wale wateja kwenye benchi alicheka. Mpole alihisi kitu cha moto kikimpanda kuanzia kifuani, kikapita shingoni, kikafika masikioni. Kwa miaka kumi alikuwa amemeza. Alimeza wateja waliomuuliza fundi yuko wapi na huku ameshika kazi yao mkononi. Alimeza Mjomba aliyemsifu nyumbani na kumkana mbele ya watu. Alidhani ndiyo subira. Sasa aliona kwamba subira yake ilikuwa imewafundisha watu wote hawa kutomwamini.

"Unadhani nataka ushindwe?" alisema. Sauti ilikuwa ya chini, lakini Cheche aliizima mashine yake kabisa. "Unadhani nimekaa hapa naombea kaka yangu awe wa pili tena? Ungeniletea ya alumini, ya kilo tatu, ya kijinga kuliko zote, ningekusawazishia na kukuombea heri, ukasubiri turbo yako mlimani mpaka uote mvi. Huo ungekuwa uchaguzi wako. Hili si suala la kilo. Hiki kitu kitakukata miguu."

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Wasikie. Masikio yao hayana kodi."

Hapo ndipo Mjomba alipoingia, ameshika kifurushi chake kwapani.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Gia Tano upesi, kama mtu aliyeona mkombozi.

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona makelele yanafika barabarani?"

Kisha akaiona ile flaiwili mezani. Mpole alikuwa anamwangalia usoni, wala hakupepesa. Aliona macho ya Mjomba yakitua pale, yakakaa, yakahamia kwa Gia Tano, yakarudi.

"Umeinunua wapi hiyo?" Mjomba aliuliza.

"Kwa yule wa kona. Si ulisema nyepesi ndiyo dawa? Nikaenda nikachagua. Sasa Mpole ananiambia ni ya kusubu, eti aliikata yeye. Hebu msemeshe, Mjomba, mimi ananitia wazimu."

Mjomba alichukua tambara, akaanza kufuta mikono iliyokuwa safi. Alifuta kidole kimoja kimoja. Wateja wawili walikuwa wamenyoosha shingo. Mmoja wao alikuwa mwenye magari sita ya mizigo, mtu wa kuletea karakana kazi mwaka mzima. Mjomba alimtazama huyo kwanza. Halafu akamtazama Gia Tano.

"Stili hiyo," alisema.

Maneno mawili tu. Mpole alihisi kama amepigwa kofi la mkono mzima. Kwamba Mjomba aliwauzia watu flaiwili za uongo, hilo angelikasirikia baadaye, lilikuwa na siku yake. Lakini Gia Tano alikuwa mtoto wa dada yake. Alimbeba mabegani akiwa mdogo. Na amemwona, amejua, na kati ya miguu ya mpwa wake na uso wake mwenyewe mbele ya mwenye malori, amechagua uso.

"Rudia," alisema Mpole.

"Unasemaje?"

"Rudia ulichosema, Mjomba. Mwangalie yeye, si mteja, halafu urudie."

"Wewe mtoto," sauti ya Mjomba ilipanda, "nani alikufundisha kushika chuma? Ulikuja hapa hujui kisu na kijiko. Leo unanisimamia karakanani kwangu kunihoji?"

"Ulinifundisha wewe. Ndiyo maana najua kwamba unajua."

"Nimekereza flaiwili miaka thelathini. Haijapasuka hata moja."

"Ulikuwa unazikwangua uso kidogo tu, klachi ikae vizuri. Hukuwahi kukata nusu. Hizi nne ulisema ni za mezani."

"Nne?" aliuliza Gia Tano.

Mpole alikuwa tayari amekwenda ukutani. Alirudi na magogo mawili ya mbao, akayapanga sakafuni yakiachana kidogo. Akaibeba ile flaiwili na kuilaza juu yake kama daraja. Kisha akaenda kwa Cheche, akachukua nyundo kubwa ya kunyooshea fremu bila kuomba, na Cheche akajisogeza ili aichukue kwa urahisi. Aliileta, akamnyooshea Mjomba mpini.

"Stili haivunjiki kwa nyundo," alisema. "Itabonyea, nyundo itadunda, rangi itatoka, mimi nitapiga magoti hapa mbele ya watu wote niombe radhi. Nitamlipa kaka flaiwili yake na nitaondoka kwenye mashine hii nisirudi. Ipige, Mjomba. Mara moja tu."

Mjomba hakuinua mkono.

"Si mali yangu hiyo," alisema. "Siwezi kuharibu mali ya mtu."

"Mwenyewe yuko hapa. Kaka, unamruhusu?"

Gia Tano alikuwa ameacha kutabasamu. "Piga tu, Mjomba," alisema. "Kama ni stili haina neno. Mpole atanyamaza tumalize."

Mpini wa nyundo ulikuwa bado umenyooshwa. Mjomba aliutazama ule mpini. Tambara lilikuwa limejikunja kwenye ngumi yake. Mwenye malori alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi.

"Kwani hivi ni vitu vya kufanya watu wazima," alisema Mjomba, na sauti ilikuwa imepungua sana. "Kupigapiga vyuma ovyo. Tuna kazi za watu hapa."

"Mjomba," alisema Gia Tano. "Kwa nini huipigi?"

Kule nje gari lilipita, redio ikiimba, ikatokomea.

"Mjomba, mimi ni mwanao. Kwa nini huipigi?"

Alipokosa jibu mara ya pili, Gia Tano aliinyakua nyundo mikononi mwa dada yake. Alipiga pigo la kwanza kwa hasira ya kuonyesha, kama mtu anayetaka bado kuthibitisha kwamba nyundo itadunda. Haikudunda. Palitoka mlio mbaya, mkavu, na mstari mwembamba ukakimbia kutoka kwenye tundu la bolti mpaka ukingoni. Pigo la pili lilikuwa dogo zaidi. Flaiwili ilipasuka vipande vitatu, kimoja kikateleza sakafuni mpaka chini ya mashine. Pale ilipovunjika ndani palikuwa na rangi ya majivu, chenga chenga, kama mkate mkavu.

Gia Tano aliinama, akaokota kipande. Akakisugua kwa kidole gumba, chenga zikadondoka juu ya kiatu chake. Alikitazama kiatu hicho muda mrefu. Kilikuwa cha mguu wa kushoto, ule wa klachi.

"Ningekwambia jioni," alisema Mjomba.

Mpole aligeuka. "Jioni ipi?"

"Leo. Ningekuja nyumbani, nikae naye pembeni, nimwambie asiifunge. Sikutaka mbele ya watu. Sikujua ataenda kununua yeye. Nilimwachia yule wa kona, nikajua watachukua watu wa..." Hakumaliza.

"Watu wa nani? Hao hawana mama?"

"Mpole, inatosha," alisema Cheche kwa upole.

"Haijatosha. Nimenyamaza miaka kumi, leo nimeanza, mniache nimalize." Alikuwa analia na hakujali, machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye vumbi jeusi la mashavu. "Kama angeniambia ni za kuuza nisingezikata. Alijua nisingezikata. Ndiyo maana akaniambia chuo. Alichukua mkono wangu akautumia kama kisu cha mashine. Na mimi nikazungusha kona, nikazilainisha, ili zipendeze. Zimependeza mpaka zimenunuliwa."

Mwenye malori alipita katikati yao, akachukua krankishafti yake, mhimili wa injini, iliyokuwa kwenye foleni ya kazi, akaipakia begani na kutoka bila kuaga. Mteja wa pili alimfuata. Mjomba aliwaona wakiondoka. Alijishusha taratibu mpaka akakaa kwenye benchi waliloliacha, na ghafla alionekana mzee kuliko Cheche.

"Umefurahi sasa?" alimwuliza Mpole.

"Sijafurahi. Ziko wapi zile tatu?"

"Zipi?"

"Mjomba, usinifanye mimi mjinga mara mbili kwa siku moja. Zilikuwa nne. Hii ilikuwa imesawazishwa tayari, nikamuuliza kaka, akasema kiwandani. Hazikusawazishwa kiwandani. Zilisawazishwa kwenye reli zile pale, siku ambayo mimi sipo."

Mjomba alitazama chini. "Jumapili," alisema mwishowe. "Nilizisawazisha zote nne kabla hazijaenda dukani. Watatu wamenunua. Walikuja hapa niwafungie klachi, Jumapili zilizofuata."

"Unazo namba zao."

"Ninazo."

"Wako barabarani?"

"Mmoja anashindana Jumamosi. Wawili ni magari yao ya kila siku."

"Ya kila siku," alirudia Gia Tano, bado amechuchumaa na kipande chake mkononi. "Wanapeleka watoto shule nayo?"

Mpole alivuta kigoda chake cha mashineni, akakiweka mbele ya benchi, magoti yake karibu yaguse ya Mjomba. Akakaa. Hakuwa anapiga kelele tena. Hasira ilikuwa palepale, haijapungua hata kijiko, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

"Toa simu," alisema. "Wa kwanza. Weka sauti ya nje, sote tusikie."

"Nitawapigia. Niachie nijipange, nitafute maneno."

"Maneno yapo. Lizime gari, usiliwashe, liletwe kwa kuvutwa. Hayo ndiyo maneno."

"Watanishitaki."

"Wakiwa na miguu yao miwili ya kuwapeleka mahakamani, ni sawa. Piga."

Alisubiri. Mjomba alitoa simu mfukoni, akaibonyeza. Iliita mara nne.

"Mjomba wangu wa karakana," ilisema sauti ya kijana, iliyojaa furaha na kelele za barabarani. "Nilikuwa naongea habari zako sasa hivi. Gari limekuwa swala, yaani nikigusa tu linaruka. Niko na mama watoto hapa namwonyesha."

Mjomba alifungua mdomo. "Eee, sikia, mwanangu," alisema. "Kuna kitu kidogo. Hitilafu ndogo tu, si kubwa, ukipata nafasi wiki hii au ijayo, upite..."

Mpole aliichukua simu kutoka mkononi mwake. Hakuipokonya, aliichukua tu, kama anavyochukua kisu butu kwenye mashine kabla hakijaharibu kazi.

"Kaka, hunijui," alisema. "Mimi ndiye niliyeikata flaiwili iliyo kwenye gari lako. Si stili. Ni ya kusubu, nimeipunguza nusu, itapasuka. Egesha gari pembeni sasa hivi. Uzime. Ushuke wewe na mama watoto, msiliwashe tena. Tunakuja kulivuta."

Kisha sauti ya kijana, furaha yote imeisha: "Unasema nini wewe?"

Akarudia yote, neno kwa neno, taratibu, mpaka aliposikia injini ikizimwa. Akauliza yuko mtaa gani. Gia Tano alikuwa ameshasimama, anamwomba Cheche kamba ya kuvutia na funguo za gari lake la mizigo.

Mpole alikata simu, akaifuta kioo kwa koti lake la kazi na kumrudishia Mjomba.

"Wa pili utasema mwenyewe," alimwambia. "Nakusikiliza."